Maarifa ya Nyumbani: Flashi ya Chini ya Maji, Kabla Akiba Haijatolewa

Miongoni mwa barua zilizotufikia juma hili imo moja ambayo haihusu mapishi wala malezi, lakini kwa kuwa inahusu akiba ya nyumba tumeona ni haki yake kujibiwa katika ukurasa huu. Mwandishi wake ni mama mmoja, mke wa sajini wa polisi wa majini, akaaye katika kambi iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Anaeleza kwamba mumewe, ambaye ni mpiga mbizi, amebakiza mwaka mmoja na nusu kabla ya kustaafu. Kwa kujiandaa, amekwisha kununua kamera ndogo ya kidijitali aina ya Olympus TG-6 pamoja na kasha lake la kuzamia, na amezungumza na wenye vizimba vya ngege na wenye mashua kwamba akivua sare atakuwa akiwapigia picha za nyavu zao, minyororo ya nanga zao, na matumbo ya vyombo vyao, ili wajue palipochakaa kabla hapajawaletea hasara.

Sasa sajini anataka flashi ya chini ya maji, ambayo wauzaji huiita strobu. Muuzaji mmoja wa mjini amemwonyesha flashi kubwa ya zamani, ya enzi za filamu, kwa bei nafuu. Rafiki yake naye anamshauri aiache hiyo, anunue mbili mpya kwa mpigo. Shauri lolote litakaloshinda, fedha zitatoka katika akiba waliyoiweka kwenye chama cha ushirika, na sehemu ya akiba hiyo ni karo ya binti yao anayeingia kidato cha tano. Mama anauliza: je, chombo hicho ni cha lazima? Na ikiwa ni cha lazima, kipi kinunuliwe?

Mama, swali lako ni la busara, na tutalijibu hatua kwa hatua, maana anayejua sababu ya kitu hadanganyiki dukani.

KWA NINI MAJI YANAHITAJI TAA

Maji si hewa. Mwanga wa jua uingiapo majini hupungua nguvu, wala rangi zake hazipungui kwa pamoja. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kufa. Hata katika maji maangavu, mtu akifika mita 5 hivi huona wekundu umekwisha kufifia sana. Rangi ya machungwa hufuata, kisha manjano. Ndiyo maana mpiga mbizi akijikata kidole mahali penye kina huona damu yake ina rangi kama ya majani mabichi au nyeusi. Katika bahari iliyo safi rangi inayobakia ni buluu. Katika Ziwa Viktoria, ambalo maji yake yana vijimea vingi sana visivyoonekana kwa jicho, hata buluu huliwa, na kinachobakia ni ukijani.

Kamera hupiga kile kilichopo. Ikiwa hakuna wekundu unaoifikia, hakuna fundi wala programu ya kompyuta iwezayo kuurudisha kikamilifu. Kutu juu ya mnyororo wa nanga, ambayo juu ya ardhi ni nyekundu na huonekana mara moja, chini ya maji hufanana na tope. Kwa mtu anayelipwa ili aonyeshe kutu, hilo si jambo dogo. Flashi huleta mwanga mweupe mpaka karibu na kitu chenyewe, na rangi zote zikazaliwa upya.

Jambo hili walilitambua watu wa kale wa kazi hii. Mnamo mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer katika pwani ya Mediterania, na akatengenezewa taa iliyounguza unga wa magnesiamu. Mwaka 1926 Wamarekani W. H. Longley na Charles Martin walipiga huko Florida picha za rangi za kwanza za chini ya maji, wakilipua unga huo huo juu ya chelezo kilichoelea. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Flashi ya umeme tuijuayo leo ilitokana hasa na juhudi za Harold Edgerton, mhandisi wa Marekani, aliyeanza kuitengeneza katika miaka ya 1930, na ambaye baadaye alishirikiana na Jacques Cousteau katika safari za baharini. Basi sajini hafuati anasa. Anafuata njia iliyokwisha kupitiwa.

LAKINI MWANGA HAUFIKI MBALI

Hata hivyo, yafaa jambo moja lieleweke kabla ya jingine lolote: hakuna flashi iangazayo ziwa. Mwanga ukienda umbali wa mara mbili, nguvu yake hubakia robo. Hiyo ni kanuni ya hewani. Majini huongezeka hasara ya pili, kwa kuwa maji yenyewe hula mwanga huo wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa sababu hiyo flashi nyingi, hata zilizo ghali, hutoa rangi nzuri katika umbali usiozidi mita moja au moja na nusu. Muuzaji akisema yake huangaza mita 10, muulize ni majini au ni ukumbini.

Kuna hesabu rahisi ya kumpimia. Kila flashi ina namba ya mwongozo, ambayo huandikwa katika kijitabu chake kwa mita, kwa wepesi wa ISO 100. Ukigawa namba hiyo kwa tundu la lenzi, unapata umbali. Tuseme namba ya mwongozo majini ni 8: ukiweka tundu la f/8 utapata mita 1, na ukiweka f/16 utapata nusu mita. Angalia sana kama namba iliyoandikwa ni ya hewani au ya majini, maana watengenezaji wengi huandika ile ya hewani kwa kuwa ni kubwa. Majini namba hiyo hushuka hadi kati ya theluthi na nusu. Flashi inayojivunia 24 kwenye sanduku itakuwa na 8 hadi 12 mara itakapolowa.

Lipo na jambo la macho. Maji hupinda mwanga, na kitu kilicho mita 1 mbele yako huonekana kana kwamba kipo kwenye sentimita 75. Mpiga mbizi akielekeza flashi mahali ambapo macho yanamwambia kitu kipo, ataangaza maji yaliyo mbele ya kitu, na kitu chenyewe kitabaki gizani. Imempasa ailenge nyuma kidogo ya kile akionacho.

ADUI WA ZIWA LETU NI VUMBI LA MAJI

Tumefika kwenye kiini cha shauri hili. Maji ya ziwa hayana rangi tu. Yamebeba chembechembe: vijimea, tope, mabaki ya chakula cha samaki. Flashi ikiwaka, kila chembe iliyo kati ya lenzi na kitu humeremeta, na picha hujaa madoa meupe kana kwamba mtu amemwaga unga wa muhogo mbele ya kamera. Katika kizimba cha ngege, ambamo chakula hutupwa kila siku, unga huo huwa mwingi zaidi. Mtu asiyejua hufikiri dawa yake ni flashi yenye nguvu zaidi. La hasha! Nguvu ikizidi, unga nao hung'aa zaidi.

Dawa ni tatu, na mbili kati yake hazihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kukaribia. Kanuni njema ni kwamba kitu kiwe katika umbali usiozidi moja ya tano ya pale jicho linapofikia. Ikiwa majini unaona mita 2 tu, piga ukiwa sentimita 40 au karibu zaidi. Ya pili ni kuiweka flashi mbali na lenzi, juu ya mkono wa kushikia, pembeni na nyuma kidogo ya uso wa kasha, na kuigeuza nje kidogo, ili ukingo wa mwanga ndio ukiguse kitu na maji yaliyo mbele ya lenzi yabaki na giza. Kwa sababu hii ile flashi ndogo iliyomo ndani ya kamera haifai kuangazia chini ya maji: imekaa jirani mno na lenzi, na hupaka unga kila picha.

Dawa ya tatu ni lenzi pana ya nyongeza, ambayo hufungwa mbele ya kasha na kuondolewa hata ukiwa majini. Lenzi hiyo humwezesha mpiga picha kusogea karibu sana na bado akapata sehemu kubwa ya wavu au ya tumbo la mashua. Kwa maji kama ya kwetu, lenzi hiyo huweza kuwa na faida kuliko flashi ya pili. Sajini aliye na fedha za vyombo viwili, na akachukua flashi moja na lenzi moja pana, atapata kazi bora kuliko mwenzake aliyechukua flashi mbili na kupiga kwa mbali. Ila akumbuke kuulizia kwanza kama lenzi hiyo inaingia katika kasha lake.

Tofauti ya maji ionekane wazi. Mtu anayepiga picha katika Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni maangavu na samaki wake wadogo wa mawe wana rangi za kupendeza, au katika miamba ya matumbawe ya Mafia na Pemba, ana sababu ya kutaka flashi mbili, moja kila upande, ili mandhari pana ipate mwanga sawasawa pasipo vivuli vikali. Rafiki wa sajini huenda alisoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Si ushauri mbaya, ila ni wa maji mengine. Mnyororo, fundo la wavu, na ufa wa ubao ni vitu vya karibu, na kwa vitu vya karibu flashi moja iliyowekwa vizuri yatosha. Tena kivuli kidogo cha upande mmoja husaidia, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kina cha ufa.

FLASHI YA ENZI ZA FILAMU

Sasa tuitazame ile ya bei nafuu. Yawezekana ni nzima kabisa na ina nguvu nyingi. Tatizo lake ni lugha isemayo.

Katika kamera za filamu zilizokuwa na upimaji wa TTL, kama Nikonos V iliyotoka mwaka 1984, kamera ilipima mwanga uliorudi kutoka juu ya filamu yenyewe wakati pazia likiwa wazi, na mwanga ulipotosha ikaiamuru flashi izime. Kamera za kidijitali hazina filamu, na uso wa sensa haurudishi mwanga kwa namna ile. Kwa hiyo nyingi kati yake hutumia njia nyingine: hutoa kwanza mmweko mdogo wa kutangulia, zikapima, ndipo zikatoa mmweko wa pili wa kupigia picha. Yote hutukia upesi kiasi kwamba jicho huona mmweko mmoja tu.

Flashi ya zamani yenye jicho la kupokea mwanga wa flashi nyingine haijui habari hii. Ikiona mmweko wa kutangulia, hulipuka mara moja kwa nguvu zake zote. Na picha yenyewe inapopigwa, haina kitu tena. Mpiga picha ameona taa imewaka, lakini akitazama kioo cha kamera anaona giza. Atabadili hiki na kile, betri zitakwisha, na hewa ya mtungi nayo itakuwa inakwisha. Flashi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za kidijitali huweza kuusubiri mmweko wa kutangulia au kuuiga. Kamera za Olympus zina pia mtindo wao wenyewe uitwao RC, na flashi isiyoufahamu mtindo huo haitauelewa ikiwa umewashwa.

Pili, flashi nyingi za zamani huunganishwa na kamera kwa waya wa umeme wenye pini, ambao hupita katika tundu la kasha. Kasha la kamera ndogo kwa kawaida halina tundu hilo, wala si jambo la kulitoboa nyumbani. Hata mahali ambapo waya ungeweza kuunganishwa, baadhi ya flashi za kale hupitisha umeme wa nguvu kubwa katika waya huo na huweza kuiunguza kamera ya kidijitali. Flashi za siku hizi huunganishwa kwa waya wa faiba ambao haupitishi umeme wowote; hupeleka mwanga tu kutoka flashi ndogo ya kamera hadi jicho la flashi kubwa. Waya huo hauna pini za kuota kutu, na ukikatika hauhatarishi chochote.

Basi jibu la flashi ya zamani ni hili: isinunuliwe kabla haijapita jaribio. Sajini achukue kamera yake ndani ya kasha na aende dukani. Aombe chumba chenye giza. Azibe flashi ya kamera kwa plastiki nyeusi, ili mwanga wake usitoke nje bali upite katika waya wa faiba peke yake. Asimame mita moja kutoka ukutani na apige picha 10. Ikiwa ukuta umetoka mweupe katika zote 10, vyombo viwili vinaelewana. Ikiwa zote ni nyeusi, au nyingine nyeupe na nyingine nyeusi, aage kwa adabu aondoke. Na ikiwa muuzaji hakubali kufanya jaribio, hilo nalo ni jibu.

MAMBO YA KUTAZAMA KATIKA FLASHI MPYA

Watengenezaji wanaojulikana katika kazi hii ni pamoja na Inon na Sea & Sea wa Japani, na Ikelite wa Marekani. Hatumtangazii yeyote biashara. Twataja ili msomaji asije akauziwa jina asilolijua kwa bei ya jina alijualo. Popote atakapotazama, sajini aulize haya yafuatayo.

Kwanza, flashi iwe na kirungu cha kupunguza na kuongeza nguvu kwa mkono. Upimaji wa TTL ni msaada mwema kwa anayeanza, lakini katika maji yenye unga kamera huweza kudanganyika na chembe zinazong'aa. Aliyezoea kupanga nguvu kwa mkono hupiga, hutazama kioo, hupunguza kidogo, hupiga tena. Na hiyo ndiyo faida kubwa ya kidijitali iliyowakosa wazee wa filamu, ambao walisubiri mpaka filamu isafishwe.

Pili, upana wa mwanga. Flashi nyingi nzuri hutawanya mwanga katika pembe ya nyuzi 90 hadi 110. Kifuniko cheupe cha kulainisha huupanua zaidi na kuondoa kitovu kikali, lakini hula sehemu ya nguvu. Ikiwa anatumia lenzi pana, kifuniko hicho kiwepo.

Tatu, rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini. Mwanga wa mchana ni karibu kelvini 5500. Flashi zenye namba ya chini zaidi, kama 4800, zina mwanga wenye ujoto wa manjano kidogo, na wapiga picha wa baharini huzipenda kwa sababu maji ya nyuma hutoka na buluu iliyokolea. Kwa mnyororo na nyavu tofauti hiyo haina uzito wa kulipiwa fedha nyingi.

Nne, muda wa kujiandaa upya. Baada ya kuwaka, flashi hujaza umeme tena, na kitaa chake huonyesha ikiwa tayari. Hesabu sekunde hizo dukani kwa nguvu kamili, mara 20 mfululizo. Mpiga mbizi aliye chini huvuta hewa kila sekunde anayoingoja taa.

Tano, taa ndogo ya kulengea. Katika maji yenye giza kamera haioni pa kushika, na taa hiyo huisaidia. Zipo flashi zilizo nayo ndani.

Sita, kina. Flashi nyingi za aina hii huandikiwa mita 100, lakini kamera ya TG-6 yenyewe bila kasha huvumilia mita 15, na kasha lake mita 45. Chombo kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotoa amri.

BETRI, MAJI NA WATOTO WA NYUMBANI

Mama, sehemu hii ni yako hasa, kwa maana vyombo hivi vitalala nyumbani mwako.

Flashi nyingi ndogo hutumia betri 4 za ukubwa wa AA. Zitumiwe betri za kuchajiwa za aina ya NiMH, nne zilizonunuliwa siku moja, zichajiwe pamoja na kutumiwa pamoja. Betri za kawaida za redio hutoa umeme polepole, hivyo flashi huchelewa kujiandaa. Betri isichanganywe mpya na kuukuu, wala isigeuzwe upande, kwa kuwa betri iliyoonewa hutoa gesi. Na gesi ndani ya chombo kilichofungwa pasipo tundu huweza kukipasua. Kama betri zimeingiwa na maji, kifuniko kifunguliwe taratibu, kikielekezwa mbali na uso, na watoto wasiwe karibu.

Ndani ya kila flashi kimo kifaa cha kuhifadhi umeme, ambacho hubaki na nguvu kubwa kupita mia mbili za volti hata baada ya betri kuondolewa. Kwa hiyo flashi iliyokufa haifunguliwi mezani kwa bisibisi. Ipelekwe kwa fundi anayeijua kazi yake.

Kinachozuia maji ni pete ya mpira, na unywele mmoja tu ukikaa juu yake waweza kuyapitisha. Kila kabla ya kuzamia, pete itazamwe penye mwanga, ipanguswe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na ipakwe mafuta kidogo sana, yale yaliyotajwa na mtengenezaji na si mengine, maana mafuta yasiyolingana huvimbisha mpira. Kasha likiwa jipya, au baada ya kubadili pete, lifungwe bila kamera, likiwa na karatasi laini ndani, lizamishwe katika beseni kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, kamera yaweza kuingia. Baada ya kazi, vyombo vilowekwe katika maji safi vikiwa bado vimefungwa, kisha vikaushwe kivulini.

KUHUSU USALAMA WA MWENYEWE

Hatungetimiza wajibu kama tungezungumzia chombo tukamsahau mtu. Anayetazama kioo cha kamera husahau kipimo cha hewa. Sajini asizamie peke yake kwa ajili ya picha. Mwenzake mmoja awe na kazi ya kutazama muda na hewa tu. Karibu na vizimba zipo kamba na nyavu, kwa hiyo kisu kiwe mahali mkono unapofika. Aidha Ziwa Viktoria limeinuka mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na jedwali za kuzamia zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari hazifuatwi hapa bila masahihisho ya mwinuko. Hilo alifundishwa kazini, na akiwa raia asiliache. Kichocho nacho kimo ziwani, hivyo apimwe kila mara.

Tena akumbuke kwamba mpaka siku ya kustaafu yeye bado ni askari. Picha za ushahidi hupigwa kwa amri na kwa chombo kilichoidhinishwa, na kamera ya nyumbani haiingizwi katika kazi ya serikali bila ruhusa ya mkuu wake.

SHAURI LETU

Sasa tulijibu swali la mama kwa ufupi. Je, flashi ni ya lazima? Kwa kazi aliyoichagua mumeo, ndiyo, siku moja itakuwa ya lazima, kwa sababu wateja watamlipa ili waone kutu na nyuzi zilizokatika kwa rangi zake za kweli. Je, ni ya lazima leo? Sivyo. Amebakiza mwaka mmoja na nusu. Kwa muda huo anaweza kujizoeza kukaribia na kutuliza mwili, akitumia tochi nzuri ya kuzamia iliyoshikwa pembeni, ambayo haitafikia nguvu ya flashi lakini kwa sentimita 30 huonyesha mengi.

Flashi mbili mpya zisinunuliwe; maji ya kazi yake hayazihitaji. Ile ya zamani isinunuliwe isipopita jaribio la ukuta. Kinachofaa ni flashi moja ya kidijitali yenye kirungu cha mkono, mkono wake wa kushikia, waya wa faiba, betri 4 na chaja. Vyote hivyo viandikwe na kujumlishwa katika karatasi moja, kwa kuwa flashi ikinunuliwa peke yake bila mkono na waya ni pambo la kabati. Flashi nzuri peke yake hugharimu mamia ya dola za Marekani, na mtu asipojumlisha mapema atajikuta anarudi kwenye akiba mara ya pili na ya tatu.

Na fedha hizo zitoke wapi? Karo ya binti isiguswe. Muhula haungoji kazi ya vizimba ianze kulipa, na msichana aliyekosa kuripoti kidato cha tano hapati urahisi wa kurudi. Kaeni wawili mezani, mtenge fungu jipya la kila mwezi, liitwe fungu la taa. Mume apeleke barua kwa wale wenye vizimba na mashua waliomwahidi kazi, awaombe waseme kwa maandishi wangelipa kiasi gani na mara ngapi kwa mwaka. Ahadi ya mdomoni chini ya mwembe si mkataba. Barua mbili au tatu zikija, flashi itakuwa chombo cha kazi chenye wa kukilipia. Zisipokuja, mtakuwa mmejua hivyo kabla akiba haijatoka, na hiyo pia ni faida.

Mama, usimwonyeshe mumeo jibu hili kama hukumu. Msomeeni pamoja. Mtu aliyetumikia miaka mingi akitafuta walioanguka majini, na ambaye bado anataka kurudi chini ya maji hayo ili awafae wavuvi, anastahili kusikilizwa kwa heshima. Na wewe uliyeilinda akiba unastahili hivyo hivyo.

Juma lijalo tutawajibu akina mama wa kambini walioulizia namna ya kuhifadhi mahindi makavu yasiingiwe na fukusi katika nyumba zenye chumba kimoja. Mpaka hapo, tunawatakia amani nyumbani na kazini.